Uliza Ratiba ya Mwaka wa Pili

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wahitimu wa sekondari na wazazi wao. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, kwa ajili ya walioshindwa kufika. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha, haikuwa na kazi kubwa.)

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, na ninyi vijana ambao ndio wenye shughuli: asanteni kwa kuja. Barua ya mwaliko inasema nina dakika 40. Kijana wa kipaza sauti ameniambia kwa jicho kwamba ni 30.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Nani hapa amekubaliwa na vyuo viwili au zaidi kusomea biashara? Nyoosheni mikono. Naam, ni wengi. Msishushe kwanza. Katika ninyi mlionyoosha, nani anaweza kunitajia kozi tatu atakazosoma mwaka wa pili, katika chuo chochote kati ya hivyo?

Mmeona? Mikono yote imeshuka isipokuwa mmoja, na huyo nilishamkera kwa swali hilihili wiki iliyopita.

Sasa niambieni. Mtu anayekwenda kununua pikipiki haulizi injini ni ya aina gani? Anayepanga chumba haulizi maji yanatoka au hayatoki? Lakini miaka 3 au 4 ya ujana, pamoja na akiba ya wazazi, tunaikabidhi kwa chuo ambacho tunachokijua ni jina lake na rangi ya majoho yake.

Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja alikuja ofisini kwangu na bahasha mbili. Moja ilitoka chuo kikubwa, jina ambalo hata asiyewahi kukanyaga chuo analijua. Nyingine ilitoka chuo ambacho ilibidi anitajie mara mbili ndipo nikisikie. Akaniambia, "Mwalimu, nyumbani wameshaamua. Nimekuja tu unithibitishie." Nikamuuliza anataka kuwa nani. Akajibu bila kusita: mkaguzi wa hesabu.

Nikamwambia, haya, tufungue mwongozo wa masomo wa kila chuo. Sisemi kile kijitabu chenye picha za vijana wanaocheka chini ya mti. Hicho kimeandikwa na watu wa masoko, na nawajua kazi yao, wengine nimewafundisha mwenyewe. Mwongozo wa masomo ni ile hati kavu, haina picha, ina majedwali matupu: namba ya kozi, jina la kozi, muhula, ni ya lazima au ya hiari. Hakuna anayeisoma. Ndiyo maana inasema kweli.

Tulichukua karatasi, tukapiga mstari katikati. Kushoto chuo kikubwa, kulia chuo kidogo. Mwaka wa kwanza vilifanana kama mapacha: misingi ya uhasibu, misingi ya uchumi, hisabati za biashara, takwimu, stadi za mawasiliano. Binti akaanza kutabasamu, kwamba basi ni yaleyale. Tukaingia mwaka wa pili. Hapo mapacha wakaachana. Kushoto: nadharia ya uchumi, takwimu nyingine ngumu zaidi, hisabati tena, nadharia ya fedha. Kulia: uhasibu wa gharama, kodi, sheria za biashara, mifumo ya hesabu kwenye kompyuta. Tukaenda kutafuta ukaguzi. Kulia, kozi mbili za lazima. Kushoto, moja tu, ya hiari, na pembeni yake kulikuwa na nyota ndogo. Tukaifuata ile nyota hadi chini ya ukurasa. Imeandikwa: "Haitafundishwa mwaka huu."

Shahada zote mbili zinaitwa Usimamizi wa Biashara. Jina moja, herufi kwa herufi.

Kwa nini? Nawaomba mnivumilie kidogo hapa, kwa sababu ukijua asili ya jambo hili hutadanganyika tena. Skuli za biashara zina baba wawili. Wa kwanza ni mfanyabiashara. Mwaka 1819 huko Paris, wafanyabiashara na wachumi walianzisha skuli ya kuwafundisha vijana kazi ya biashara yenyewe. Ipo mpaka leo, inaitwa ESCP. Baba wa pili ni chuo kikuu. Mwaka 1881 tajiri wa viwanda, Joseph Wharton, alikipa Chuo Kikuu cha Pennsylvania dola 100,000 ili biashara ifundishwe ndani ya chuo kikuu, sambamba na taaluma nyingine. Tangu hapo ugomvi haujaisha: je, biashara ni ufundi au ni elimu? Mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili Marekani, moja imelipiwa na mfuko wa hisani wa Ford Foundation, nyingine na mfuko wa Carnegie, na zote zikasema skuli za biashara zimekuwa za ufundi mno, hazina kina. Baada ya hapo skuli nyingi zikajaza wachumi, wanahisabati na wanasaikolojia. Wengine wakasema zimepitiliza, sasa zinatoa wasomi wasioweza kusoma mizania ya duka.

Mimi siwaambii nani kashinda. Nawaambia kila programu imesimama mahali fulani katika ugomvi huo, na mahali hapo panaonekana mwaka wa pili. Kijana anayependa hesabu mkimpeleka upande wa kulia wa ile karatasi atasinzia. Anayetaka kuingia kazini akijua kuandaa hesabu za kodi mkimpeleka upande wa kushoto ataona anapotezewa muda. Chuo kizuri kwa yupi? Swali la "chuo gani ni kizuri" peke yake halina jibu, na yeyote anayekujibu papo kwa papo hajakusikiliza.

Na urefu pia utazameni. Uingereza, kwa kawaida, shahada ni miaka 3 na unazama kwenye fani yako tangu siku ya kwanza. Scotland ni miaka 4. Marekani ni miaka 4, na sehemu kubwa ya mwanzo unasoma mambo mengi ya jumla kabla ya kuchagua uhasibu, fedha au masoko. Ulaya bara, shahada ya miaka 3 huhesabiwa alama 180 za mfumo wao wa pamoja, 60 kwa mwaka. Anayejua anachotaka, mfupi unamfaa. Asiyejua, na hakuna aibu kutojua ukiwa na miaka 18, ule mrefu unampa nafasi ya kugeuka bila kuanza upya.

Sasa tuje kwenye zile orodha. Mnazijua: chuo cha kwanza duniani, cha 50, cha 400. Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee hawakuwahi kuona vyuo vikuu. Huku chema na kibaya vyote vinajitembeza, tena kwa tarumbeta.

Niwape kisa. Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, kina skuli ya biashara inayoitwa Fox. Programu yao ya mtandaoni ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, ilishika namba 1 Marekani, kwenye orodha ya jarida la U.S. News, miaka minne mfululizo. Minne! Wanafunzi wakamiminika. Mwaka 2018 ikagundulika takwimu zilipikwa. Walikuwa wamesema kila mwanafunzi mpya amefanya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye skuli za biashara. Kumbe walioufanya walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mkuu wa skuli alifikishwa mahakamani, akatiwa hatiani mwaka 2021, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 14. Mtasema hiyo ni MBA, si shahada ya kwanza. Sawa. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, je? Mwaka 2022 profesa wa hisabati wa hapohapo Columbia, Michael Thaddeus, alikaa na kalamu yake akazipitia namba ambazo chuo chake kilipeleka, ikiwemo ukubwa wa madarasa, akaonyesha kwamba hazilingani na ukweli. Chuo kikakiri baadhi ya makosa. Orodha iliyofuata kikashuka kutoka namba 2 hadi namba 18.

Jiulizeni: usiku ule kilipotoka namba 2 kikawa namba 18, walimu wake walibadilika? Maktaba ilipungua vitabu? Hakuna kilichobadilika ila namba.

Lakini tuseme takwimu ni za kweli tupu. Zinapima nini? Ile orodha inayotoka Shanghai tangu 2003, asilimia 30 ya alama zake ni tuzo za Nobel na medali za Fields, ambazo ni za wanahisabati, za walimu na za wahitimu. Vizuri sana. Je, huyo mshindi wa Nobel ndiye atakayekusahihishia zoezi lako la uhasibu wa gharama? Nyingine zinategemea sana kuwauliza wasomi duniani wanakionaje chuo fulani. Yaani sifa inaulizwa, inajibiwa, inachapishwa, halafu mwakani anayeulizwa ameshaisoma. Zinapima utafiti na umaarufu, na hayo ni mambo ya maana kwa anayekwenda kufanya uzamivu. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza zinasema kidogo sana.

Naona mzee wa pale mbele anatikisa kichwa. Anasema moyoni, "Huyu anajisemea, jina la chuo linafungua milango, mimi nimeona." Mzee, tusikilizane, maana una nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzito.

Wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti wao mwaka 2002. Walitazama watu walioanza chuo mwaka 1976. Badala ya kulinganisha tu waliosoma vyuo vya majina na waliosoma vya kawaida, walifanya jambo la akili: waliwalinganisha vijana waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vya aina ileile, mmoja akaenda kwenye jina, mwingine akachagua chuo cha kawaida. Baada ya takriban miaka 20, mapato yao? Karibu sawa. Mwenye uwezo alibeba uwezo wake mfukoni popote alipokwenda.

Ila, na hapa ndipo mzee wangu una haki, kulikuwa na kundi moja ambalo jina liliwasaidia kweli: watoto wa familia zenye kipato cha chini. Na ukifikiri unaona sababu. Michael Spence, mmoja wa watatu waliogawana Nobel ya uchumi mwaka 2001, alieleza tangu 1973 kwamba shahada ni ishara anayopewa mwajiri asiyekujua. Mtoto wa mkurugenzi haihitaji sana ishara, baba yake ana simu. Mtoto ambaye katika ukoo mzima hakuna anayemfahamu meneja hata mmoja, jina la chuo kwenye cheti ndilo linalompigia hodi. Kwa hiyo mimi sisemi jina si kitu. Nasema kila nyumba ijue kama inalihitaji au inalitamani tu. Hayo ni mambo mawili.

Sasa niseme la kwangu, nalo silisemi kwa raha.

Mimi nilisomea uhasibu katika chuo ambacho sitakitaja. Kilikuwa na jina, kilikuwa na geti zuri. Nilipomaliza nikaenda kwenye bodi ya taaluma kuomba msamaha wa mitihani, yaani zile karatasi ambazo tayari nimezisoma chuoni nisizifanye tena. Nilivaa shati jeupe kama nakwenda kwenye sherehe. Mama wa dirishani akapokea nakala yangu ya matokeo, akatoa faili nene, akaanza kushuka na kidole. Akafika kwenye jina la chuo changu, nikapumua. Kidole kikaendelea, kikarudi juu, kikashuka tena. Akaniangalia kwa huruma ya mtu aliyezoea kutoa habari hiyo. "Chuo kipo," akasema. "Programu haipo."

Programu yangu ilitambuliwa nilipoingia. Muda wa kutambuliwa ukaisha nikiwa mwaka wa pili, chuo hakikuomba upya, na hakuna aliyetuambia. Nilirudia mitihani ile usiku baada ya kazi kwa mwaka mmoja na nusu. Mada zilezile, mifano karibu ileile. Nalipa mara ya pili kwa kitu nilichokwisha kulipia.

Kwa hiyo wazazi, kuna tofauti kati ya kutambuliwa kwa chuo na kutambuliwa kwa programu. Mniandikie hiyo. Kwanza, mamlaka inayosimamia elimu ya juu katika nchi ya chuo hicho inakitambua? Hilo mtalipata wenyewe kwenye orodha ya mamlaka, msiulize chuo. Pili, kama mtoto anataka taaluma yenye bodi, programu hiyo hasa, kwa jina lake na mwaka wake, iko kwenye orodha ya bodi? Chukueni mfano wa ACCA, chama cha wahasibu kilichoanza mwaka 1904. Njia yake iliyozoeleka ina mitihani 13, na mwenye shahada inayotambuliwa anaweza kusamehewa hadi 9. Hadi 9! Mwingine mwenye shahada ya jina lilelile anasamehewa 4. Tofauti hiyo ni miaka ya maisha, na inaonekana mtandaoni kwa kutafuta dakika tano.

Halafu kuna ithibati za kimataifa za skuli za biashara, yaani vyeti vya ubora kutoka kwa wakaguzi wa nje. AACSB, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1916. EQUIS ya Ulaya. AMBA ya Uingereza. Skuli yenye zote tatu hujisifu kwamba ina taji tatu. Ni dalili nzuri, maana wakaguzi wamekuja, wamekagua walimu na mitaala. Ila AMBA, kama jina linavyodokeza, inatazama MBA na programu za baada ya shahada ya kwanza. Haijakaa kwenye darasa lako la mwaka wa kwanza. Na kuna vyuo vingi vizuri visivyo na hata moja, kwa kuwa kuzipata ni gharama na huchukua miaka. Msizipuuze, msizisujudie.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo nitapita haraka. Wazo la kuchanganya masomo na kazi kwa utaratibu lilianza Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906, kwa Herman Schneider, mhandisi, aliyeona kwamba mambo mengine hayafundishiki bila karakana. Waterloo ya Kanada ilianza na utaratibu huo tangu 1957: muhula unasoma, muhula unafanya kazi, unarudi. Leo kila chuo kinasema kina mafunzo kwa vitendo. Swali ni moja: nafasi anatafuta nani? Kama chuo kina ofisi yenye watu na orodha ya kampuni zinazopokea wanafunzi kila mwaka, hayo ni mafunzo. Kama unapewa barua ya "kwa yeyote anayehusika" ukatembee nayo juani, hiyo ni barua. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekaa wiki nane akitoboa karatasi na kupanga mafaili. Aliandika ripoti nzuri mno juu ya "mfumo wa utunzaji wa kumbukumbu". Nilimpa A. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa.

Tufike kwenye fedha, maana najua ndizo zilizowaleta wengi wenu.

Baba mmoja alikuja kwangu amechangamka. Mwanawe amepata ufadhili, nusu ya ada. Chuo kingine hakikutoa kitu, ingawa ada yake ilikuwa ndogo. Kwa hesabu ya haraka, chuo chenye ufadhili kilikuwa nafuu. Nikaomba barua. Ukurasa wa kwanza una nembo ya dhahabu na neno "Hongera". Nikaufunua. Ukurasa wa pili, aya ya nne: ufadhili utaendelea iwapo mwanafunzi atabaki na wastani wa 3.5 kati ya 4 kila muhula, ukipotea haurudishwi. Nikamuuliza, "Mzee, katika darasa lao, wangapi hufikisha 3.5 muhula wa kwanza?" Hakujua. Tukapiga simu chuoni. Nao wakasema hawana takwimu hiyo karibu.

Kijana alipata 3.4 muhula wa pili. Ni alama nzuri, ninyi wazazi mngefurahi nayo. Kuanzia mwaka wa pili baba yule alilipa ada nzima ya chuo ghali, na kuhama kulikuwa kumeshakuwa na gharama zake, kwa kuwa chuo kile kingine kilikubali nusu tu ya kozi alizokwisha kufaulu.

Kwa hiyo msilinganishe ada ya mwaka wa kwanza. Chukueni ada ya miaka yote, ongezeni malazi, nauli, vitabu, ada za mitihani, halafu fanyeni hesabu mara mbili: ufadhili ukibaki, na ufadhili ukiondoka. Kama hesabu ya pili inaiuza nyumba, chuo hicho ni ghali, hata kama barua imeandikwa Hongera. Na anayesoma miaka 4 badala ya 3 ameongeza mwaka mmoja wa gharama na amepoteza mwaka mmoja wa mshahara. Wanafunzi wa biashara tutawafundisha kuiita gharama ya fursa. Mzazi anaijua bila kufundishwa.

Bado mpo? Nimalizie na ile namba inayopendwa kuliko zote: "Asilimia 95 ya wahitimu wetu wameajiriwa."

Tufanye hesabu pamoja, hapahapa. Wahitimu 200. Chuo kinawatumia dodoso. Wanaojibu ni 80, maana wasio na kazi kwa kawaida hawana hamu ya kujibu dodoso. Katika hao 80, walioajiriwa ni 76. Sabini na sita gawanya kwa themanini ni asilimia 95. Haijadanganya mtu! Lakini kati ya 200, tunaowajua kwa hakika kuwa na kazi ni 76, yaani asilimia 38. Na hatujauliza kazi gani. Hatujauliza baada ya muda gani. Hatujauliza wangapi walirudi kwenye duka la familia ambalo wangelirithi hata wasingesoma. Kwa hiyo mkiiona ile 95, ulizeni: ya wangapi, kazi gani, baada ya miezi mingapi? Chuo kinachojua majibu kitawajibu. Kinachokasirika nacho kimewajibu.

Na watafuteni wanafunzi wa mwaka wa tatu. Msiwatafute wale wa kwenye mabango, wala wahitimu waliofanikiwa, hao wanasimulia ujana wao. Mwaka wa tatu amechoka, hana sababu ya kudanganya. Muulizeni: kozi gani iliwaangusha wengi, na ilipowaangusha chuo kilifanya nini? Darasani mko wangapi? Mhadhiri ukimtafuta nje ya kipindi unampata? Insha yako ilirudi na maneno ya mwalimu au na namba tu?

Mnataka kujua yule binti wa bahasha mbili alikwenda wapi?

Alikwenda chuo kikubwa.

Mnacheka. Nami nilicheka. Alirudi baada ya siku tatu na ile karatasi yetu, imekunjwakunjwa, amezungushia duara kozi alizozipenda. Duara karibu zote ziko kushoto, kwenye takwimu na uchumi. Nikamuuliza, na ukaguzi je? Akanyamaza, akasema, "Mwalimu, ukaguzi lilikuwa wazo la mjomba." Nyumbani walifurahi kwamba amewatii. Hakuwaambia kwamba alifika hukohuko kwa njia nyingine.

Kijana wa kipaza sauti, usiniangalie hivyo, nimemaliza. Mama wa mstari wa tatu, mkono wako nimeuona tangu nilipotaja ufadhili. Karibu na swali lako, na hiyo barua naiona uko nayo. Fungua ukurasa wa pili.